Kikole: Matundu Yalikubali, Kitovu Kikakataa

Ukitaka kumjua mwenzi wako vizuri, usimpeleke Zanzibar. Zanzibar kila mtu ni mpole: upepo wa bahari, juisi ya ukwaju, boti inaondoka saa fulani na kurudi saa fulani. Mpeleke Kusini, kwa gari lenu wenyewe, halafu muiache lami. Huko ndiko utakakojua kama huyo aliyekaa kiti cha pembeni ni wa kuzeeka naye au ni wa kupiga naye picha tu.

Tena Kusini ya siku hizi si ile ya hadithi za wazee. Enzi za kivuko cha Ndundu, Rufiji ikifurika, mtu aliyekuwa akienda Kilwa aliaga kama anayekwenda ng'ambo. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kilichokuwa kikiwatoa abiria machozi nacho kikaja kupata lami. Leo mkiondoka Dar alfajiri, mchana mnakula samaki Kilwa Masoko huku mnakitazama Kisiwani ng'ambo ya maji. Barabara bado inajua kudeka, maana Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata maeneo ya Somanga na watu wakalala njiani. Lakini kwa siku nyingi za mwaka, ni safari ya wikiendi ndefu.

Wengi huishia baharini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na yanastahili kila picha mnayopiga. Mkishamaliza magofu mnakula pweza, mnaogelea, mnarudi mjini. Sisi safari hii tulitaka kitu kingine. Tulitaka kuuona msitu.

Kwa nini Kikole

Kikole ni kijiji na kata katika Wilaya ya Kilwa. Haina hoteli ya nyota tano, wala ya nyota moja. Ina kitu ambacho Ulaya wanakililia: mpingo. Ndiyo, huo huo wa vinyago vya Kimakonde. Huko nje mpingo ndio mti wa klarineti na obo, zile filimbi za orkesta ambazo bei yake inaweza kukununulia pikipiki.

Mwaka 2009 Kikole na jirani yake Kisangi, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo lenye makao yake hapo Kilwa, vilipata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha msitu unaovunwa kwa kufuata taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Kabla ya hapo mpingo ulikuwa ukiondoka kwa bei ya kutupa na kijiji kikibaki na visiki. Sasa kijiji ndicho kinachosema mti upi ukatwe, upi uachwe, na fedha ziende wapi.

Na mpingo hauna haraka, wapenzi wasomaji. Unahitaji miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Anayeupanda leo anampandia mjukuu. Ukikata kipande ukakitupa majini, kinazama kama jiwe. Nilifikiri ni mti mzuri wa kuwaonyesha watu wanaojiandaa kuoana.

Kwa sababu tulikuwa na hao. Msafara ulikuwa wa magari mawili. Letu, mimi na mume wangu, ni Toyota RAV4 ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, milango mitano, spea imebebwa mgongoni kama mtoto. La pili ni Nissan X-Trail ya miaka hiyo hiyo, la rafiki yangu na mchumba wake. Ndoa Desemba, kamati imeshaanza vikao, kadi za mchango ziko mtaani. Ilikuwa Julai, wakati ambao Kusini kuna baridi kidogo asubuhi, vumbi limetulia na ufuta unavunwa.

Pancha ya pili

Pancha ya kwanza ya X-Trail ilikuwa ya kistaarabu. Msumari, juu ya lami, kabla hatujafika Nangurukuru. Shemeji akavua, akafunga spea, dakika ishirini tukaendelea. Mume wangu alisema tuzibe hapo Nangurukuru. Shemeji akasema tutaziba tukirudi, jua linakimbia. Sote tulimsikia.

Ya pili ilikuwa ya kishenzi. Tumeshaiacha lami, tumepita mashamba, miti imeanza kukaribia barabara, jiwe lenye ncha likampasua ubavu ile spea, tairi la nyuma kushoto. Si tundu la kuziba. Ni mdomo.

Hapo ndipo watu wanne wenye digrii walipoliangalia gari letu, wakaliangalia la kwao, na wote wakawaza jambo moja. Rimu zetu ni inchi 16, zao ni inchi 16. Zetu zina matundu matano, zao matano. Shemeji akaingia kwenye simu, mtandao ukaja mara moja kama mgeni wa heshima, akasoma kwa sauti: RAV4 ni 5x114.3. X-Trail ni 5x114.3. Tukapiga makofi! Ile 5 ni idadi ya nati, na 114.3 ni upana, kwa milimita, wa duara linalopita katikati ya matundu yote. Zikilingana, si rimu zinaingiliana?

Tukaishusha spea yetu, tukaipeleka kwenye habu ya X-Trail. Matundu yakazikubali stadi zote tano kama zimezaliwa pamoja. Halafu rimu ikagoma. Ikasimama nje kidogo, haikai. Sukuma, haikai. Zungusha, haikai.

Rafiki yangu akasema, "Basi, haiingii." Shemeji akasema inaingia, ni kutu tu, nati zikikazwa zitaivuta. Akaanza kuikaza. Rafiki yangu akasema aache. Yeye akasema hakuna mwanaume anayefundishwa kufunga tairi porini. Mume wangu akajifanya anatafuta kitu kwenye buti. Mnaijua ile hali ambayo watu wawili wanagombania spana lakini si spana wanayoigombania? Tulikuwa hapo.

Mzee wa chini ya mwembe

Bodaboda aliyepita ndiye aliyetuletea fundi kutoka kijijini. Mzee wa makamo, mfuko wa spana begani, kazi yake ya kila siku ni baiskeli na pikipiki, chini ya mwembe. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza habari za nyumbani kwetu mmoja mmoja kana kwamba hakuna gari lililoinuliwa kwa jeki pembeni. Halafu akachuchumaa. Hakuangalia nati. Alipitisha kidole kwenye shimo la katikati ya rimu yetu, kisha akakipitisha kwenye habu ya X-Trail.

"Matundu yamekubali," akasema, "kitovu kimekataa."

Akamwomba shemeji alegeze zile nati mbili alizokwisha kuzikaza. Alisema kwa upole, akimwita mwanangu, lakini hakusogea mpaka zimelegezwa.

Niliporudi Dar nilikwenda Gerezani kwa wauza rimu kuuliza alichokiona yule mzee kwa kidole. Jibu ni milimita sita. Shimo la katikati la rimu ya RAV4 lina milimita 60.1. Habu ya X-Trail ina 66.1. Rimu inapanda juu ya stadi vizuri kabisa, halafu inagonga ukingo wa habu na kuning'inia hapo. Ukiikaza kwa nguvu, mkono unakudanganya: nati inakuwa ngumu, unadhani imebana. Kumbe rimu imeegemea ukingo, haijalala bapa kwenye uso wa habu. Kinachoishikilia rimu hasa ni ule mbano wa bapa kwa bapa, nati zikikandamiza na nyuso mbili zikikamatana. Pasipo mbano huo, uzito wote unazihamia stadi, ambazo hazikutengenezwa kupinda. Gari litaondoka. Litatembea. Kisha stadi zitaanza kukatika moja baada ya nyingine, pengine kwenye ile lami nzuri ya Somanga, mkiwa kilomita 90 kwa saa na muziki mmefungulia.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonishangaza. Kinyume chake kingewezekana. Kama sisi ndio tungekuwa tumepasua, rimu ya X-Trail ingevuka habu yetu bila shida, maana shimo lake ni kubwa. Ingehitaji pete ndogo ya kujaza ile nafasi ili ikae katikati bila kutetemeka, na nati zenye umbo linaloendana na matundu yake. Yaani wao wangeweza kutusaidia sisi, sisi hatukuweza kuwasaidia wao, ingawa kwenye karatasi tuko sawa sawa. Mkiwa kwenye mahusiano, nadhani hili mmeshakutana nalo mahali.

Namba ya Mmarekani kwenye gari la Mjapani

Lakini tujiulize. Nani mwenye akili timamu anakaa mezani na kuchagua 114.3? Kwa nini isiwe 115, au 110?

Kwa sababu si milimita. Ni inchi nne na nusu. Zidisha 4.5 kwa 25.4 uone. Ni kipimo cha magari ya Kimarekani, cha Ford hasa. Mustang ya V8 ya mwaka 1965, lile gari la kwenye mabango ya sinema, lina matundu matano kwenye duara la inchi nne na nusu, sawa na RAV4 ya jirani yako. Magari ya Kijapani yalikua kwenye kivuli cha Marekani. Toyota ya kuteka milima ya mwaka 1951, babu wa Land Cruiser zetu, iliitwa kwanza Toyota Jeep. Inchi za Marekani zikavaa nguo za milimita, zikapanda meli, zikashuka bandarini Dar. Ile 139.7 ya Suzuki Jimny ni inchi tano na nusu za Jeep ya Willys, iliyopigana Vita Kuu ya Pili. Hilux na Prado nazo ni 139.7, ila zenyewe ni nati sita.

Wamarekani wenyewe wanaoyapenda magari ya zamani wanaumia na jambo hili kila siku. Ford walikaa kwenye inchi nne na nusu. Chevrolet, kwa Camaro ya 1967 na ndugu zake, walichagua inchi nne na robo tatu. Tofauti yake ni robo inchi. Ukiziweka rimu mbili hizo sakafuni, umbali wa tundu hadi tundu la jirani ni milimita 67 kwa Ford na 71 kwa Chevrolet. Nani ana jicho la kuona milimita nne? Ndiyo maana watu hununua rimu nzuri kwa fedha nyingi, wakafika nazo nyumbani, wakabaki wanazipanga ukutani.

Dodge na Chrysler wengi wanaingiliana na Ford kwa matundu, lakini hadi karibu 1970 magari hayo yalikuwa na nati za kinyume upande wa kushoto. Unazifungua kwa kukaza. Fundi asiyejua anasukuma kwa nguvu zake zote mpaka stadi inakatika, halafu anasema gari bovu. Hata Mustang na Mustang mwenzake hawaelewani sikuzote. Ya 1965 na ya 2005 zina matundu sawa na shimo la katikati sawa, lakini rimu ya mpya inakaa ndani zaidi, na ukiivalisha ya zamani inaweza kugusa vyuma vya chini. Jina moja, ukoo mmoja, na bado lazima mpime.

Na Kusini yetu ilishawahi kulipia somo la namna hii. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walileta mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea, hapa hapa Lindi, ilikuwa moja ya sehemu zake. Walinunua matrekta na matingatinga ya jeshi la Marekani yaliyobaki Ufilipino baada ya vita. Walichukua hata vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta. Kwenye karatasi ni mashine, na mashine ni mashine. Kwenye udongo wa Tanganyika zikaharibika, vipuri vikakosekana, karanga hazikuota kama ilivyoahidiwa, na mradi ukafa. Kitu kufanya kazi kule hakumaanishi kitafanya kazi hapa.

Tulivyotoka

Turudi Kikole. Mzee alikuwa bado amechuchumaa, anaziangalia rimu mbili zikiwa zimelala mavumbini. Mmoja wetu akasema tuchonge kitovu kwa tupa, milimita sita si nyingi. Mzee akacheka. Tupa haichongi duara, alisema, tena mkitoka hapo mtakuwa na rimu isiyofaa gari lolote kati ya haya mawili.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: "Tairi zenyewe ni saizi gani?"

Tairi! Tulikuwa tunabishana kuhusu chuma kwa saa nzima, kumbe mpira ni kitu kingine. Tairi letu ni 215/70 la rimu 16. La kwao ni 215/65 la rimu 16. Upana ni ule ule, rimu inchi ni zile zile, tofauti ni urefu wa ubavu tu. Rimu yetu isingekaa kwenye habu yao mpaka kiama. Lakini tairi letu lingekaa kwenye rimu yao.

Kazi ikaanza. Akalivua tairi letu kwenye rimu yetu kwa vyuma viwili na jeki, akisaidiwa na shemeji, ambaye sasa alikuwa ameacha kuongea na kuanza kufanya. Akalitupa lile lililopasuka, akalivalisha letu kwenye rimu ya X-Trail kwa maji ya sabuni. Pampu ya mguu haikutosha kulikalisha tairi lisilo na tyubu. Upepo ulikuwa ukitokea pembeni tu. Tukasubiri. Likaja Fuso la ufuta, dereva akashuka bila kuombwa mara mbili, akavuta mpira wa upepo kutoka kwenye tangi la breki za lori lake. Pah! Pah! Tairi likakaa.

Kwa kuwa tairi letu ni refu kidogo, kama milimita 20 juu hadi chini, mume wangu alimwambia shemeji aweke swichi ya gari kwenye magurudumu mawili, ili injini isukume mbele tu na tairi geni lijiendee nyuma taratibu bila kugombana na gia. Mwendo ni wa pole mpaka Nangurukuru. Huko ndiko walikopata tairi la saizi yao.

Na sisi tukabaki bila spea. Katikati ya msitu, na barabara ile ile ya mawe ya kurudi. Mume wangu alinitazama kabla hajamkabidhi mzee tairi letu, kama anauliza. Nikamwambia toa. Hilo nalo ni jambo ambalo halijaandikwa kwenye namba yoyote ya rimu: nani yuko tayari kutembea bila spea ili mwenzake afike.

Mzee alitaja bei ya kazi yake, ndogo kiasi cha kutia aibu. Shemeji akamlipa zaidi, kisha akakaa naye chini ya mti wakazungumza kwa muda mrefu. Sikuuliza walizungumza nini. Niliona tu kwamba waliporudi kwenye gari, rafiki yangu ndiye aliyekalia usukani.

Msitu tuliuona, jioni, kwa muda mfupi kuliko tulivyopanga. Mipingo si mirefu. Mtu asiyeijua angepita bila kugeuka. Mtembezaji wetu alitukwangulia gome kidogo, akatuonyesha ngozi nyeupe, akatuambia weusi uko ndani, kwenye kiini, na kwamba huwezi kuujua ukubwa wake kwa kuangalia nje.

Kabla hamjaondoka

Kama na nyinyi mnapanga Kikole, au Liwale, au popote ambapo lami inakoma, kaeni wawili na haya mambo matano. Dakika kumi zinatosha.

Moja, idadi ya nati na duara lake. Vitz na IST nyingi ni 4x100. RAV4, Noah, Mark X na X-Trail ni 5x114.3. Prado na Hilux ni 6x139.7. Hardtop za Land Cruiser za siku hizi ni 5x150, haziazimi mtu rimu ovyo. Kwenye rimu ya nati tano, pima katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani, zidisha kwa 1.7. Utapata jibu.

Mbili, kitovu. RAV4, Noah na Mark X ni 60.1. Honda CR-V ya kizazi cha pili ni 64.1. X-Trail ni 66.1. Yenye shimo kubwa inaweza kuvaa habu ndogo ikiwa na pete. Yenye shimo dogo haivai habu kubwa, hata ukiimba.

Tatu, nati. Toyota, Honda na Mitsubishi wana uzi wa 1.5, Nissan na Suzuki 1.25. Nati ya Toyota kwenye stadi ya Nissan inaingia mizunguko miwili inakwama. Ukilazimisha umekula uzi. Angalieni na umbo. Spoti rimu nyingi za kiwandani za Toyota hutaka nati bapa yenye washa, Nissan hutaka nati ya koni, Honda hutaka ya mviringo. Kama spea yenu ni ya chuma na nyingine ni spoti rimu, hakikisheni mmebeba nati zinazofaa zote mbili.

Nne, kina cha rimu, mafundi wanaita ofseti. Mara nyingi imeandikwa ndani ya rimu kwa herufi ET na namba. Ikipishana sana, tairi litagusa fenda au breki.

Tano, pancha ya kwanza izibwe pale pale. Hii haina hesabu.

Na mkifunga rimu yoyote, kazeni nati kwa kuruka moja, kama mnachora nyota, kisha simameni baada ya kilomita 50 mkaze tena.

Kikole nendeni kati ya Juni na Oktoba, kabla ya mvua. Anzieni ofisi ya serikali ya kijiji, mjitambulishe, mpate mtembezaji. Msitu una wenyewe. Bebeni maji, bebeni chenji, na kabla ya kuwasha gari, mtu mmoja ashuke apitishe kidole kwenye kitovu cha spea.

Safari njema!